Ngoma Haichezwi kwa Niaba

Nyie vijana mliochukua kazi yangu, kaeni chini ndiyo msome. Nawajua. Mnasoma simu mkiwa mmesimama, mnatafuna, na jicho moja liko kwa mpita njia. Kaeni. Mimi nimeishia darasa la nne, kuandika ukurasa mmoja kunanichukua muda mrefu kuliko kuivisha makande, kwa hiyo sitarudia.

Mmeniomba niandike "uzoefu wangu katika ngoma jumuishi". Hilo neno jumuishi limefika Iringa juzi juzi tu, limekuja na gari la semina. Sisi tulikuwa tunacheza. Na kama mnataka ukweli, mahali pa kwanza nilipoona watu wa kila namna wakicheza ngoma moja bila mtu kusukumwa pembeni palikuwa kwenye kilabu cha ulanzi. Nilikwenda kumtoa mume wangu, marehemu sasa, Mungu amrehemu ingawa alinisumbua. Mle ndani kulikuwa na mzee wa mguu mmoja, kulikuwa na mama mwenye kibiongo, na kulikuwa na wanaume waliokuja na miguu miwili mizima lakini kwa saa ile ilikuwa haiwatii. Wote wanacheza. Hakuna aliyeuliza nani anaweza na nani hawezi, maana hakukuwa na aliyeweza. Nilimshika mume wangu sikio nikatoka naye, ila macho yangu yalibaki kule. Mimi ni Mlutheri, siwafundishi kunywa. Nawaambia nilichokiona.

Niliajiriwa mpishi. Kituo chetu cha watoto wenye ulemavu kilikuwa nje kidogo ya mji, njia ya kuelekea Tosamaganga, na hadi leo kwenye karatasi yangu ya kustaafu imeandikwa "mpishi". Nilimuuliza karani, na zile ngoma? Akasema, "Mama, fomu haina nafasi hiyo." Basi. Fomu haikucheza, itajuaje.

Ngoma yenyewe ilianzia kwenye kosa langu. Kengele ya chakula ilikuwa rimu ya lori imening'inizwa mlangoni pa bwalo. Nikiigonga, watoto wanaosikia wanakuja mbio, na watoto viziwi wanabaki wanacheza na udongo mpaka mtu aende kuwavuta mikono. Mimi mwaka mzima niliwaita wakaidi. Mwaka mzima! Nawagongea rimu watoto wasiosikia, halafu nakasirika kwamba hawakusikia. Sasa nyie mkicheka viongozi wenu, mnikumbuke na mimi.

Siku moja nikiwa natwanga, mchi ukaniponyoka ukaanguka sakafuni. Lile bwalo lilikuwa jengo la zamani, sakafu ya mbao, chini yake uwazi mtupu. Sekela alikuwa amenipa mgongo, kitoto cha miaka saba hivi, Mnyakyusa aliyeletwa kutoka Uyole, kiziwi tangu alipougua utotoni. Akageuka. Nikaokota mchi nikagonga tena, makusudi. Akatazama miguu yake. Nikagonga mara mbili. Akanyanyua mguu mmoja, kisha wa pili. Nikagonga kama wanavyogonga kwetu Uheheni wakati wa mavuno, na yule mtoto akacheza. Makande yaliungua siku hiyo. Mkuu wa kituo alikuja na hasira zake za harufu ya moshi, akatukuta tunagonga sakafu, mimi, Sekela na watoto wengine kumi na kitu, na hakuna aliyemsikia akifoka, wengine kwa kuwa hawasikii na wengine kwa kuwa hawakutaka.

Kwa hiyo la kwanza kulishika: miguu peku. Iringa kuna baridi, najua, mwezi wa sita sakafu inauma kama jino. Peku hivyo hivyo. Ngoma iwekwe juu ya mbao ileile wanayokanyaga wachezaji. Ukiiweka ngoma kwenye saruji halafu mtoto kiziwi akapotea, aliyepotea ni wewe.

La pili nilifundishwa na Lugano. Mnamjua nyie kama mwalimu wenu, mwenye ndevu. Mimi namjua akiwa kijana wa kwenye kiti cha magurudumu, ana mdomo kuliko magurudumu. Nilipoanza kuwapanga kwa ngoma ya sherehe ya kituo, nilimweka katikati, wenzake wakazunguka wakirukaruka. Niliona ni heshima. Watu walipiga makofi, akina mama wakafuta machozi. Lugano akaniita pembeni.

"Mama, mimi ni moto?"

"Moto wa nini?"

"Wamenizunguka wanapasha mikono. Wakishapata joto wataondoka, mimi nitabaki majivu."

Nilimwambia ana adabu mbaya. Usiku mzima nikawa najigeuza kitandani. Asubuhi nikamwuliza, haya, wewe ungechezaje? Akaachia breki, akaegemea kushoto, kiti kikainuka gurudumu moja, akakirudisha chini, tii. Akaegemea kulia, tii. Nikaona kumbe ile ndiyo hatua yetu ya mavuno, kamili, haikupungua kitu. Tangu siku hiyo niliacha kufundisha miguu. Nilifundisha uzito. Hatua ni uzito unaohama kutoka upande huu kwenda upande huu. Mwenye mguu atauhamisha kwa mguu, mwenye gurudumu kwa gurudumu, mwenye bega kwa bega, na aliyelala kitandani atauhamisha kwa macho, nimeshamwona. Na kiti cha mtu hakisukumwi bila kumwuliza. Wewe ukiwa unacheza halafu mtu akakubeba akakupeleka mbele hatua tatu, utamshukuru?

Tulikuwa na kijana mwingine ambaye akili yake inakwenda kwa mwendo wake. Kila wimbo anaingia amechelewa mapigo mawili. Nilimgombeza, nikamwimbia sikioni, nikampa pipi. Mapigo mawili. Ni Chengula, mpiga ngoma wetu, aliyenizindua. "Mama, umeangalia? Hachelewi matatu. Hachelewi moja. Mawili kila siku." Nikaangalia. Kweli. Mtu anayechelewa vilevile kila siku huyo hajachelewa, huyo ana zamu yake. Tukagawanya kikundi, nusu waingie na wimbo, nusu waingie naye, wakawa wanapokezana. Watu wa Makambako walituuliza nani alitutungia mtindo ule mzuri.

Baadaye ndiyo likaja gari la semina.

Mtaalamu alikuwa kijana msafi, viatu vimechongoka, ana karatasi kubwa za kubandika ukutani. Semina ilikuwa ya kutufundisha sisi tunaocheza jinsi ya kucheza. Akachora mduara. Ndani ya mduara akachora vidoti, nje ya mduara vidoti. Akauliza, "Mnaona nini?" Chengula akasema anaona mahindi yamemwagika. Kisha akatuambia sote tufumbe macho, tutembee ukumbini, ili tujue asiyeona anavyojisikia. Palikuwa na binti mmoja kwenye kikundi, haoni tangu kuzaliwa. Akanyoosha mkono kwa heshima zote.

"Mwalimu, na mimi nifumbe nini?"

Mtaalamu alitazama karatasi zake. Sisi wengine tukatembea tumefumba macho, tukagongana, mimi nikapiga goti kwenye meza, na yule binti ndiye aliyetushika mmoja mmoja akatukalisha. Mwisho wa siku tukapewa vyeti kwamba tumejengewa uwezo. Cheti changu nilifunikia ndoo ya unga, kilikuwa kigumu, kizuri.

Na mgeni rasmi je? Hili nalisema polepole maana hadi leo Chengula hapendi kulisikia. Siku ya sherehe moja alikuja mgeni rasmi na zawadi ya kiti kipya cha magurudumu, kimefungwa utepe. Tukacheza mbele yake. Tulicheza, jamani! Lugano alikuwa amehamia kwenye benchi siku hiyo, anacheza kwa kiwiliwili kwenye mstari mmoja na wenzake waliokaa naye, huwezi kumtofautisha. Sekela yuko mbele anaongoza. Mgeni anatazama huku, anatazama huku, anamnong'oneza mwenyeji wake. Alikuja amejiandaa kusikitika na hakumwona wa kumsikitikia. Muda wa kukabidhi ukafika, mpiga picha ameshainua kamera. Mgeni akaangaza macho kwenye kikundi chote akatafuta aliyekaa peke yake. Akamwona Chengula. Chengula amekaa, ndiyo, kwa sababu ngoma ile kubwa hupigwa ukiwa umekaa umeibana kwa magoti! Mgeni akamwendea, akamshika bega, akamwambia asikate tamaa.

Na Chengula, mwanaume mwenye shamba la viazi ekari mbili analolima kwa mikono yake, akaogopa kumwaibisha mkubwa mbele ya watu. Akabebwa. Akawekwa kwenye kiti. Akapigwa picha. Akasukumwa mpaka nyuma ya jengo, ndipo akainuka akaenda nyumbani kwa miguu bila kuaga. Kiti tulimpa mwenyewe anayekihitaji. Ila Chengula hakuja mazoezini wiki mbili. Alikuwa ameonja, kwa robo saa, kufanywa mtu ambaye mambo yake huamuliwa na wengine. Nilimwambia ile ndiyo semina.

Haya. Sasa niwaambie lililonifanya nishike kalamu.

Sekela alikua. Akawa mshonaji wa nguo, akawa mwalimu wa ngoma pamoja na mimi, akapata mchumba, Festo, Mhehe wa hapa Iringa, fundi wa kuchomelea mageti. Festo anasikia vizuri, alijifunza lugha ya alama mwenyewe, kwa upendo na kwa woga, maana Sekela akikasirika mikono yake inasema haraka. Mahari ikaenda Uyole, ikapokelewa. Ikabaki sendofu kule kwao, halafu harusi hapa.

Mnajua sendofu zetu. Bibi harusi mtarajiwa anasimama mlangoni, emsii anapaza sauti, muziki unafunguliwa, na binti anaingia akicheza mpaka mbele. Ukoo wa mwanaume umekaa pale unamkagua kama ng'ombe wa mnada, anacheza vipi, anacheka vipi, ana kiuno au hana. Sekela aliniambia mwaka mzima kabla, kwa mikono: "Bibi, nitaingia nacheza. Nimecheza kwenye sherehe za watu wote. Na yangu nitacheza." Aliweka siku zake zote kwenye hatua zile. Alikuwa akishona huku anazifanyia mazoezi chini ya meza.

Siku tatu kabla, baba yake mdogo, mwenyekiti wa kamati ya sendofu, akanipigia simu, akanisalimu Kinyakyusa, nikaitikia Kihehe.

"Mama, ugonile."

"Kamwene. Sema."

"Kamati imekaa. Tumeona kuhusu kuingia, ili tusimpe binti yetu mzigo, atakayeingia akicheza ni Glori, binamu yake. Atavaa gauni kama lake. Atacheza kwa niaba."

Nilidhani simu imekatika. "Kwa niaba ya nani?"

"Ya bibi harusi, mama. Sekela atakuwa ameshakaa mbele, ametulia. Unajua tena mashemeji watakuwepo. Akipotea kwenye muziki, itakuwa aibu."

"Na kuolewa? Kuolewa naye Glori ataolewa kwa niaba?"

"Mama, usifike huko."

"Na uchungu wa kuzaa? Kamati imeshamteua wa kuuona?"

Akasema mtandao unasumbua.

Nikamwita Lugano. Nikamwambia shida ni moja tu, ukumbi wa Uyole una sakafu ya marumaru, binti hatasikia kitu miguuni. Tukipeleka mbao, kamati haina neno. Mbao kwetu si shida, ndugu zake Lugano wako Mafinga, wanapasua paini. Tukapata mbao na mihimili, tukapakia kwenye lori la mtu aliyekuwa anapeleka mzigo Mbeya. Chengula na ngoma yake kubwa juu, mimi mbele na dereva, Lugano katikati yetu. Njia nzima nampangia dereva jinsi nitakavyopigana. Sekela alikuwa ameshatangulia kwao.

Tulifika Jumamosi mchana, wapambaji wanamalizia. Ukumbi umekuwa mweupe kama jino la mtoto. Zulia refu jeupe kutoka mlangoni mpaka jukwaani, na mlangoni tao la maputo, meupe na ya zambarau, makubwa kama maboga. Baba mdogo alipoona mbao zinashushwa alishika kichwa.

"Mama, hii ni nini?"

"Sakafu."

"Ukumbi una sakafu!"

"Una kioo cha kuteleza. Toeni zulia nitandike."

Mwenye ukumbi akaja, anasema mbao zitakwaruza marumaru zake. Mpambaji akaja, analia kwamba zulia likikunjwa litaonyesha mistari. Emsii akaja na kipaza sauti hajakizima, kwa hiyo ugomvi wetu ukaanza kusikika mpaka barabarani, na mashemeji wa kutoka Iringa ndio kwanza wanashuka kwenye basi. Nikamwambia Lugano aegeshe kiti chake katikati ya mlango, akafunga breki. Hakuna anayeingia, hakuna anayetoka.

"Mama, unatuharibia shughuli!"

"Shughuli ya nani? Mimi namtetea mtoto!"

"Sisi ndio wazazi!"

"Mimi ndiye niliyemfundisha!"

Glori alikuwa amesimama pembeni na gauni lake la pacha, anatafuna bazoka. Akasema, bila mtu kumwuliza, "Mimi mwenyewe sitaki. Watu wote watajua ninayeolewa ni mimi, nitakosa mchumba." Hakuna aliyemjibu, maana tulikuwa na kazi ya kupiga kelele.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo nilipopigwa kofi bila kuguswa. Nikageuka kupumua. Nikamwona Sekela. Alikuwa ameshashuka kwenye gari, na gauni lake, na shela, amesimama hatua nne kutoka kwetu. Sijui amesimama pale muda gani. Anatazama midomo. Mdomo wa baba mdogo, mdomo wangu, mdomo wa mwenye ukumbi. Watu wazima watano tunabishana juu yake, na hakuna hata mmoja aliyenyanyua mkono kumwambia tunabishania nini. Hata mimi. Mimi niliyejua lugha yake kuliko wote pale, mikono yangu nilikuwa nimeishika kiunoni.

Nilimwambia baba mdogo hakuna kucheza kwa niaba. Na mimi nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa namgombania kwa niaba.

Nikainua mikono nianze kumweleza habari ya mbao. Hakungoja. Akajipenyeza kando ya kiti cha Lugano, chini ya tao, akachomoa puto moja la zambarau, akalibana kifuani kwa viganja viwili. Akamwonyesha ishara kijana wa muziki, aliyekuwa na mitambo yake hapo ndani karibu na mlango: fungua. Yule kijana akatutazama sisi wakubwa tuamue. Sekela akapiga kiganja mezani kwake, pa! Fungua. Akafungua. Spika zile za ukumbi zina besi ya kutikisa meno. Nikaliona lile puto likitetemeka. Nikauona uso wa Sekela unasikiliza kwa mbavu. Akahesabu kwa kidevu, moja, mbili, tatu, nne. Akaguna kidogo kama mtu aliyeonja mboga akakuta chumvi inatosha.

Kisha akanigeukia, akaniambia kwa mkono mmoja, maana wa pili una puto:

"Bibi, toka mlangoni."

Nilitoka. Lugano akafungua breki akatoka. Baba mdogo naye akatoka. Mnaona jinsi kazi ilivyokuwa rahisi?

Watu walipokaa, emsii akatangaza, muziki ukafunguliwa. Sekela akavua viatu, akaviacha hapo hapo kwenye zulia, akaingia. Sitawaambia alicheza kama malaika, sijawahi kumwona malaika akicheza. Alicheza kama Sekela. Puto kifuani kama mtu aliyebeba mtungi mpya, uzito unahama kushoto, unahama kulia, ile hatua ya mavuno ya Uheheni niliyomgongea kwa mchi, akaichanganya na kile kishindo cha kisigino cha kwao Unyakyusa. Katikati ya ukumbi alisimama kabisa. Nikaona baba mdogo amefumba macho, anajua amepotea. Hakupotea. Aliacha mapigo mawili yapite, mawili kamili, akaingia tena juu ya la tatu. Mimi na Lugano tulitazamana. Kama mtu ana masikio mawili mazima na hajui kungoja mapigo mawili, hayo masikio ayatundike.

Upande wa mashemeji alikaa shangazi yake Festo, mama mmoja mkavu, ndiye aliyekuwa anaogopwa na kamati nzima. Aliinuka. Akaenda mpaka kwenye tao akachomoa puto lake, akalibana kifuani, akamfuata mkwe wake nyuma anacheza. Puto likapasuka paa! Akalitazama lile kamasi la mpira mkononi, akasema kwa sauti, "Nalo halijui kucheza," akachukua lingine. Kufikia hapo ukoo wote wa Iringa uko kwenye tao unagombea maputo, na mpambaji analia tena.

Sekela alifika mbele. Festo akampokea, mikono yake ikasema kitu, ya Sekela ikajibu, na mimi niliona walichosema lakini si chenu.

Baba mdogo alipopewa nafasi ya kuongea alisimama, akashika koti. "Ndaga fijo, asanteni sana, ndugu wageni. Kamati yangu iliona mbali. Ndiyo maana tuliweka maputo." Alipigiwa makofi. Na mimi nilipiga. Mtu akishapata akili si lazima umwulize ameipata wapi. Mbao zangu zilibaki uani. Nasikia amezitandika kwenye banda lake. Nguruwe wa Uyole sasa wana sakafu bora kuliko bwalo la kituo.

Basi hayo ndiyo mnayotaka kwenye uzoefu. Nimetumia miaka yote hiyo kutafuta mbao, nikadhani mbao ndiyo ufundi. Siku mtoto alipohitaji kucheza, hakuhitaji mbao, alihitaji mimi nitoke njiani. Mkifundisha, ulizeni kwanza, tena mwulizeni mwenyewe, kwa lugha yake. Kama hamuijui lugha yake, hiyo ndiyo kazi ya wiki ya kwanza. Ngoma itangoja.

Harusi ikawa hapa Iringa wiki mbili baadaye. Lile lori lilikuwa limeniachia magoti yaliyovimba kama viazi vya Chengula. Ijumaa jioni, mkesha wa harusi, nimekaa sebuleni, miguu kwenye beseni la maji ya moto, na jamaa zangu wamejaa: mwanangu Yohana, mkewe, wajukuu. Wanapanga. Bibi atakaa meza ya mbele. Bibi ataletewa chakula pale pale. Wakati wa kupeleka zawadi, wakati kila mtu anakwenda mbele akicheza, mjukuu wangu Ester atalichukua blanketi nililomnunulia Sekela alipeleke yeye, halafu emsii atataja jina la Bibi. Wanaongea wakinizunguka, juu ya kichwa changu, mmoja ananifunika kanga, mwingine ananisogezea chai, na hakuna aliyetazama uso wangu.

Niliwaacha wamalize. Nikatoa miguu kwenye maji, nikaikausha, mmoja mmoja. Ndipo nikawaambia:

"Blanketi nitalibeba mwenyewe, kichwani. Ester, utakuja nyuma yangu, na usinipite. Yohana, viatu vyangu virudishe ndani, kesho siendi na viatu. Na asinishike mtu kiwiko. Mkiniona nimefika chini, msije mbio na maji: niulizeni kwanza kama nimeanguka, au ndiyo hatua yenyewe."